Mibaru Mitano ya Nagi Purty

Mti wa kwanza, Nagi Purty aliukwea mumewe angali hai. Lodro alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba chini ya mti huo wa mbaru, macho yamekuwa ya njano kama bizari, na kwa kuwa hakuwa na nguvu hata ya kushika panga, alikuwa akimwelekeza kwa kidole.

"Si hilo. La kushoto. Kata karibu na shina. Mguu wako uko wapi?"

"Uko nilipouweka," Nagi akajibu kutoka juu. "Wewe lala."

Nilikuwa napita na ng'ombe wangu. Nikatazama juu, nikaona kisigino cha mwanamke kwenye tawi, nikageuza uso upesi kama mtu aliyefungua mlango wa bafu lisilo lake. Kwetu Baruhatu mwanamke haezeki paa, hagusi plau na hapandi mbaru. Sababu yake hakuna aliyewahi kuiuliza. Lodro akaniona, akacheka kwa tabu.

"Jitrai, funga mdomo, nzi wataingia."

Nikaufunga, na sikuufungua hadi tulipomzika.

Mimi na Lodro ni wajukuu wa ndugu wawili, yeye mkubwa, mimi mdogo. Kwa hiyo kwa Nagi mimi ni shemeji mdogo, mtu wa kutaniwa na kurushiwa maji siku ya sikukuu. Dasai, kaka yake Lodro wa tumbo moja, ni shemeji mkubwa, na huyo ni habari nyingine. Kwetu kaka mkubwa wa mume hamgusi mke wa mdogo wake. Haketi naye mkeka mmoja, hamtaji jina, na akitaka kumwambia jambo humwambia mtu wa tatu, hata kama huyo mtu wa tatu ni mbuzi. Mwiko huu nautaja mapema kwa sababu ndio uliokuja kuniponza.

Lodro alimwachia Nagi mama mkwe, Bibi Jauni, mwenye meno manne na ulimi wa watu wanane, na mibaru mitano kwenye korongo la kijito. Mbaru una kivuli kizuri na tunda chachu, lakini utajiri wake ni wadudu. Mwezi wa Januari unafunga vifito vya mbegu kwenye matawi machanga, na wadudu wadogo kuliko chembe ya ulezi wanatoka humo wakitambaa, wanatafuta mahali, wanazamisha midomo kwenye gome na hawaondoki tena. Wananyonya, na huku wananyonya wanajifunika gamba la utomvu. Gamba linashikana na gamba la jirani hadi tawi zima linavaa koti gumu, jekundu kama kutu. Hiyo ndiyo lakiri. Kiwandani wanaikwangua, wanaiosha, wanaiyeyusha, na inageuka kuwa nta ya mihuri, vanishi ya samani, na ule mng'aro wa kwenye vidonge mnavyomeza. Lakini ndani ya kila gamba yumo mama, na ndani ya mama wamo wana, mamia. Mwisho wa Juni wanatoka. Wakishatoka, gamba tupu linabaki palepale, halipungui kitu.

Januari baada ya msiba, Dasai alikuja na ngazi kwenda kufunga mbegu kwenye mibaru ya mdogo wake. Akamkuta mwenyewe yuko juu, amevaa kaptura ya marehemu, sari ameikunja kiunoni, mdomoni ameng'ata kamba.

Kikao cha kijiji kikaitishwa. Mzee Mora, mkuu wetu wa kijiji, alimhukumu kuku mweupe mmoja na chungu kimoja cha pombe ya mchele ili kuuosha mti.

"Kuku sina," Nagi alisema, amesimama katikati ya wanaume arobaini. "Pombe ninayo, lakini nimejipikia mwenyewe."

Watu wakaguna. Mzee Mora akamuuliza kama anajua kwamba mila ni ya wote.

"Najua, mzee. Na mibaru ni ya mume wangu, na mimi sijaondoka nyumbani kwake. Mila inasema mjane akibaki, anakula matunda ya miti ya mumewe. Sasa niambieni, nitayala vipi, niyaite yashuke?"

Mtu mmoja akacheka. Nadhani nilikuwa mimi. Kikao kikavunjika bila kuku, na tangu siku hiyo wanawake walimpisha Nagi kisimani kama anayeumwa ugonjwa wa kuambukiza.

Kisha likaja lile joto. Wazee walisema hawajaliona mfano wake. Mwezi wa Mei upepo ulivuma kutoka magharibi kama pumzi ya tanuri, siku kumi na tisa mfululizo, na lakiri ikafia mitini. Kwanza kwenye miti mingine inayofugiwa lakiri, mipalasi na mikunazi, kisha hata kwenye mibaru. Ukigusa tawi, gamba linamomonyoka kama majivu ya sigara, na ndani wadudu wamekauka. Wilaya nzima ilikuwa hivyo. Wenye hasira walisema mti umechafuliwa na mwanamke, mvua na wadudu vimekimbia.

Kulikuwa na shida moja tu na maneno hayo. Mibaru ya Nagi ilikuwa hai.

Korongo lile lina unyevu, na Nagi alikuwa amekata matawi kwa namna yake, akiacha majani ya juu yawe mwavuli. Lodro alimfundisha hivyo, au pengine aligundua mwenyewe huko juu. Yote mitano ilivaa koti lake jekundu, nono.

Habari ya namna hiyo haifichiki. Juma la kwanza la Juni lori likaingia Baruhatu, na kwenye lori alikuwamo Kishun Sao, mnunuzi wa lakiri kutoka mjini, mtu mnene, mpole, mwenye kitambaa cha kufutia jasho shingoni. Alikaa kwa Dasai, akanywa maji, akaita watu.

"Ndugu zangu," alisema, "kiwanda kimezima moto. Wakwanguaji wamerudishwa makwao, na nusu yao ni watoto wenu. Meli inasubiri mzigo. Nataka hiyo mibaru mitano, leo au kesho, matawi yote. Kila nyumba ya ukoo itapata fungu lake, na mchele nimekuja nao."

Tulitazama magunia yaliyokuwa kwenye lori. Ghala zetu zilikuwa zinatoa mwangwi. Sitawadanganya: hakuna nyumba siku ile ambayo haikuhesabu midomo yake.

Nagi alikuwa amesimama nje ya uzio. "Wana hawajatoka," alisema.

Kishun Sao akageuka. "Wana gani, mama?"

"Wa lakiri. Bado siku ishirini. Ukikata leo unakata mimba. Subiri siku ishirini, wana watoke nifunge miti mingine, halafu gamba lote ni lako. Halitaoza. Halitakimbia."

"Mama, mimi nanunua gamba. Mdudu hana kazi kiwandani."

"Ndiyo maana nakwambia, chukua gamba, mdudu niachie!"

"Moto wa kiwanda hausubiri."

"Moto wako umeshazimika, umesema mwenyewe. Kitu kilichozimika kinaharakia wapi?"

Dasai, ambaye hakuweza kumjibu moja kwa moja, akaliambia jembe lililoegemezwa ukutani: "Mwambieni mke wa mdogo wangu kwamba miti ni ya ukoo, na ukoo una njaa."

Nagi naye akaliambia jembe lilelile: "Mwambie shemeji mkubwa, mwakani ukoo utakuwa na njaa na hautakuwa na mbegu. Hii ndiyo mbegu iliyobaki kutoka hapa hadi mtoni. Mkishaiyeyusha, mtafunga nini mitini? Mate?"

Watu walicheka, lakini waliendelea kutazama magunia. Wakakubaliana kukata asubuhi.

Asubuhi tulishuka korongoni wanaume kumi na wawili na mapanga na ngazi, Kishun Sao nyuma yetu akichagua pa kukanyaga. Nagi alikuwa ameshapanda. Alichagua mbaru mkubwa kuliko yote, ule wa katikati, na amejifunga kiunoni kwa kamba ya kisima.

"Karibuni," alituita. "Nani anaanza?"

Hatukuwa tumefikiria hilo. Mwanamke akiwa juu ya mti, ukipanda lazima umpite, umguse, au ukae chini ya miguu yake. Dasai hawezi kabisa. Nikatazama wengine: wote walikuwa wakubwa kuliko Lodro, mashemeji wakubwa watupu, kila mmoja anaangalia vidole vyake vya miguu. Dasai akaniambia, "Jitrai, wewe ni mdogo. Wewe unaruhusiwa kumgusa. Mshushe."

"Mimi?"

"Ulikuwa unamrushia maji kila sikukuu. Leo ndiyo unaona haya?"

Wakati nikivuta vuta miguu, wao walihamia mti wa pembeni, ambao hauna mtu, wakaanza kukata. Nagi alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Matawi yalidondoka pu, pu, pu. Kishun Sao akasogea chini ya mbaru wa Nagi, akainua uso na kuanza kumbembeleza: "Mama, shuka, utaumia, nitakuongezea gunia lako peke yako..."

Mbaru ule ulikuwa na kiota cha maji moto, wale sungusungu wekundu wanaoshona majani. Kwetu tunawasaga na chumvi na pilipili, ni kitoweo. Nagi alinyoosha mkono, akakata kijitawi cha kiota, akakiachia.

Kiota kilipasukia begani kwa Kishun Sao.

Sijapata kuona mtu mnene akikimbia hivyo kwenye mawe. Alivua shati, akavua na kile kitambaa, akaingia kijitoni hadi kifuani, na huko akawa anatukana kwa lugha tatu. Hata Dasai alilazimika kujifunika uso kwa kiganja. Nagi mwenyewe alikuwa akijipangusa mikono, maana maji moto hawachagui upande, lakini alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

"Jitrai!" aliniita. "Panda basi, si umetumwa? Njoo unishushe!"

Nikapanda. Nilipofika karibu naye, sikumshika. Alikuwa amechanika mapaja, mikono imevimba kwa kuumwa. Akanionyesha tawi.

"Bonyeza."

"Nibonyeze nini?"

"Hapo. Si wewe ni mkataji? Bonyeza uone unachokata."

Nikabonyeza gamba kwa kidole gumba. Likapasuka, na kioevu chekundu kikanichuruzika hadi kwenye kifundo cha mkono, chekundu kama damu ya kuku. Kwenye kucha yangu palikuwa na vumbi jekundu, na lile vumbi lilikuwa linatembea kidogo kidogo.

"Wewe una watoto watatu," alisema Nagi kwa sauti ya chini, bila utani. "Watakula gunia la Sao mwezi mmoja. Halafu?"

Niliteremka.

"Vipi?" akauliza Dasai.

"Siwezi."

"Huwezi kumshusha mwanamke mmoja?"

"Siwezi, na sitakata. Ukitaka kunipiga, nipige."

Hakunipiga, ila alinitukana tusi ambalo mama yangu hakulistahili. Wakahamia mti wa pili na kuukata nusu. Walipoelekea wa tatu walimkuta Bibi Jauni ameketi kwenye shina lake, amenyoosha miguu, anatafuna tumbaku.

"Mama, ondoka hapo," akasema Dasai.

"Mimi ndiye niliyekuzaa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nipande mimi kwanza, ndipo uupande mti. Weka mguu hapa." Akajipiga begani. "Weka, mwanangu. Ulikuwa ukinipanda hivi na kamasi zako, kwani leo umekuwa mzito?"

Dasai alisimama pale na panga, jasho linamtoka. Mzee Mora, aliyekuwa amefika wakati huo, akajaribu kusuluhisha. Akamwita Nagi ashuke wazungumze.

"Zungumza tu, mzee. Nakusikia vizuri kutoka hapa."

Kilichokatisha mambo ni Kishun Sao mwenyewe. Alitoka majini, uso umevimba jicho moja limeziba, akasema atakwenda mjini kuleta polisi wamtoe yule mwanamke. Neno hilo lilikuwa kosa. Mzee Mora akauliza taratibu, "Polisi? Kwa mti wetu?" Kwetu watu wanateta, wanapigana, wanalaaniana, lakini askari hajawahi kuitwa kuamua nani apande mti upi. "Chukua ulichokata," akamwambia, "uondoke kabla joto halijazidi."

Lori liliondoka na mti mmoja na nusu. Mchele ulioshushwa ulikuwa wa kiasi hicho hicho.

Nagi hakushuka. Alisema hamwamini mtu, na alikuwa na haki. Alikaa juu siku tatu. Bibi Jauni alimpelekea wali uliolazwa maji kwenye kibuyu, Nagi akakivuta juu kwa kamba, na kila mara bibi alimwambia kwa sauti ya kusikika kijiji kizima: "Kula, mwanangu! Kwa hawa wanaume wetu, hata kunguru ana msimamo zaidi!" Siku ya nne alishuka, miguu imekufa ganzi, tukamshika mimi na mke wangu. Baada ya hapo alihamisha kitanda cha kamba korongoni, akalala hapo hadi mwisho wa mwezi. Mke wangu alikuwa akienda kumpokea zamu ya kulinda. Baadaye akaenda mwingine. Hakuna aliyeitisha kikao juu ya hilo.

Juni ilipokaribia kwisha, doa la njano lilitokea kwenye magamba, dalili kwamba wana wamekaribia kutoka. Nagi alikata mwenyewe, asubuhi mbichi, akafunga vifito mafungu mafungu kwa nyuzi za mkonge na kuvipanga kivulini. Kijiji kizima kilikuja. Na vijiji vya ng'ambo vilikuja, watu waliotembea tangu jana yake, wamesimama na kofia mikononi.

"Fungu moja kila nyumba," alisema. "Bei ni moja: mwanamke wa nyumba hiyo ndiye atakayepanda kulifunga. Mwanamume akipanda, mwakani hapati."

Pakawa na zogo. Mzee mmoja wa ng'ambo akasema hiyo si bei, hiyo ni matusi.

"Basi nenda kafunge mate," Nagi akamjibu, na kumpita kwenda kwa aliyemfuata.

Mbegu haisubiri mabishano. Ikishakatwa, siku mbili tatu wana wanatoka, na wasipopata tawi bichi wanakufa. Kila mtu pale alilijua hilo, na Nagi alijua kwamba wanalijua. Mchana haujafika, yule mzee alimtuma mjukuu akamwite mkewe.

Dasai hakuja. Mkewe ndiye aliyekuja, jioni, kichwa chini. Alipokea fungu lake na kuondoka. Kesho yake tulimwona juu ya mbaru wa nyuma ya zizi lao, amekumbatia tawi kwa mkono mmoja, na Dasai ameshika ngazi chini akilalamika kwamba amefunga vibaya. "Panda wewe basi," mkewe akamwambia, "upate kunyimwa mwakani." Dasai akaendelea kushika ngazi.

Magamba matupu ya Nagi, yaliyokwisha kutoa wana, Kishun Sao aliyanunua yote mwezi wa Julai. Hakuja mwenyewe, alimtuma karani. Kiwanda kiliwashwa moto.

Hayo yana miaka kumi na moja sasa. Siwezi kusema kijiji kilibadilika chote. Faini ya kuku mweupe haijafutwa, wazee wanaikumbusha kila mwaka, na kuna nyumba mbili ambazo hadi leo hazili kwa Nagi. Mbaru ule uliokatwa nusu haukupona. Mwaka mmoja mvua zilichelewa tena na maneno yakaanza upya, na Nagi alitembea nyumba hadi nyumba akiuliza nani ameyasema, asimpate hata mmoja. Lakini ukipita korongoni mwezi wa Januari utasikia wanawake wanaitana mti kwa mti, wanaimba nyimbo ambazo mimi, mwanamume, siwezi kuwaandikia hapa.

Mwaka jana alianguka. Ana miaka arobaini na mitano, si msichana. Alivunjika mkono wa kushoto mahali pawili, tukampeleka zahanati kwa mkokoteni wa ng'ombe. Aliporudi na plasta yake, Mzee Mora, ambaye sasa anatembea kwa fimbo mbili, alikuja kumjulia hali. Alikaa, akanywa pombe ya Nagi, akaitazama ile plasta kwa muda mrefu.

"Sasa umeona, binti yangu?"

"Nimeona, mzee," Nagi akasema. "Tawi lilikuwa bovu."

Kisha akaniuliza mimi kama ile ngazi yangu ndefu bado ipo, kwa kuwa alikuwa na mti mmoja hajaumaliza.